Bosi Ananisahihisha Kiingereza kwa Wino Mwekundu: Je, ni Kweli Sijui Lugha?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni ofisa miradi katika shirika moja la kilimo hapa Arusha, nina miaka 31. Nimesoma shule za serikali tangu msingi hadi kidato cha sita, kisha chuo kikuu. Kila mwezi ninaandika ripoti kwa Kiingereza kwa ajili ya wafadhili. Tangu tupate meneja mpya, Mtanzania mwenzetu aliyesoma Uingereza, ripoti zangu zinarudi zimejaa wino mwekundu. Amekata 'to fully understand the needs of farmers'. Amekata 'the groups we work with', amekata 'each farmer should bring their card', na kila sentensi niliyoianza kwa 'But'. Pembeni ameandika kwamba hiki si Kiingereza. Halafu katika mkutano wa mwezi uliopita nilisema 'let us discuss about the budget', wenzangu wawili wakacheka, na mmoja akaniambia baadaye kuwa hata 'rural' siwezi kulitamka. Tangu hapo nakaa kimya mikutanoni. Nimeona tangazo la kozi ya kuondoa lafudhi. Ni ghali, lakini niko tayari kukopa. Binti yangu wa miaka saba nimeanza kumkataza Kiswahili nyumbani ili yasije yakamkuta haya. Naomba uniambie ukweli bila kunionea huruma: sijui Kiingereza? Nakuambatishia ukurasa mmoja wa ripoti yangu."

Marahaba, dada. Umeomba ukweli bila huruma, na ukurasa ulioniambatishia unatosha kunipa jibu: Kiingereza unakijua. Mtu asiyekijua hawezi kueleza, kwa aya tatu zinazofuatana, kwa nini vikundi vya wakulima vilichelewa kurejesha mikopo ya mbegu, na msomaji asiyewahi kufika huko akaelewa. Katika ukurasa huo nimeona makosa mawili ya kweli, ambayo nitakuonyesha, na jambo moja zito kuliko makosa hayo, ambalo kalamu ya meneja wako ililipita bila kuligusa. Yale uliyoniambia kwamba ameyakata yote ni Kiingereza sahihi.

Tatizo ni kwamba umepokea kwa wakati mmoja, na kwa sauti ile ile ya kukaripiwa, mambo ambayo hayana uhusiano: makatazo ya zamani ambayo hayajawahi kuwa sheria za lugha, makosa machache ya kweli ya matumizi, na kejeli juu ya matamshi, ambayo si suala la sarufi hata kidogo. Yakimjia mtu pamoja namna hiyo, hujiona hajui kitu. Nitayatenganisha, na nitakaa zaidi kwenye hayo makatazo, kwa sababu ndiyo yaliyokuvunja moyo na kwa sababu wengi wanaoyashikilia hawajui yalikotoka.

Tuanze na "the groups we work with". Katazo la kumaliza sentensi kwa kihusishi, yaani neno kama "with" au "to", lina mwenyewe na lina tarehe. Mwaka 1672 mshairi John Dryden, alipokuwa akizikosoa tamthilia za Ben Jonson, aliyekuwa amefariki miaka 35 iliyotangulia, alimlaumu kwa kuacha vihusishi mwishoni mwa sentensi. Hakutoa sababu yoyote. Baadaye, alipochapisha upya insha yake mwenyewe ya mwaka 1668, alizipangua sentensi zake ili vihusishi visibaki mwishoni, jambo linaloonyesha kwamba yeye naye alikuwa akiandika hivyo kama Waingereza wengine wote kabla ya kujiamulia vingine.

Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa kitabu kifupi cha sarufi ya Kiingereza. Wengi humtaja kama ndiye aliyeupiga marufuku muundo huu, na wanamsingizia. Alichosema ni kwamba umezoeleka sana katika mazungumzo, na kwamba katika maandishi mazito ni afadhali kihusishi kitangulie; na sentensi yenyewe aliyoitumia kusema hayo, "which our language is strongly inclined to", inaishia kwa kihusishi. Waliomfuata ndio walioligeuza pendekezo kuwa amri. Mwaka 1795 Lindley Murray, mwanasheria wa Kimarekani aliyehamia York, aliandika sarufi kwa ajili ya shule ya wasichana ya mji huo. Alichukua sehemu kubwa ya maneno ya Lowth, lakini alipofika kwenye sentensi ile akaipangua na kuandika "to which our language is strongly inclined". Kitabu cha Murray kilichapishwa tena na tena, Uingereza na Marekani, kwa miongo mingi. Walimu waliokisoma wakafundisha walimu wengine, na mapokeo hayo ya vitabu vya shule yakasafiri hadi kila mahali Kiingereza kilipopelekwa. Kwa njia hiyo chaguo la mshairi mmoja wa karne ya 17 limefika kwenye ukurasa wako likiitwa sheria.

"The groups with which we work" nayo ni sahihi, na katika mkataba au tasnifu huenda ikapendeza zaidi. Lakini ni hiari ya mtindo. H.W. Fowler, ambaye kamusi yake ya matumizi ya mwaka 1926 ndiyo iliyoheshimiwa kupita zote na Waingereza wenye kupenda usahihi, aliihesabu imani hii kuwa ushirikina tu.

"To fully understand" ina historia kama hiyo, ila ni changa zaidi. Waandishi wa Kiingereza walianza kuingiza kielezi, kama "fully", kati ya "to" na kitenzi tangu enzi za kati, na malalamiko mazito yalianza katika karne ya 19. Mwaka 1864 Henry Alford, Mkuu wa Kanisa Kuu la Canterbury, alitoa kitabu cha kutetea Kiingereza cha Malkia, na humo akasema kwamba kutenganisha "to" na kitenzi ni jambo lisilojulikana kwa wasemaji na waandishi wa Kiingereza. Madai hayo hayakuwa kweli hata siku alipoyaandika. Utasikia pia ikielezwa kwamba katazo lilitokana na Kilatini, ambacho kitenzi chake cha namna hiyo ni neno moja lisiloweza kupasuliwa. Hoja hiyo ni maarufu sana, lakini siyo aliyoitoa Alford, na hata angeitoa isingekuwa na nguvu, kwa maana Kilatini hakiwezi kukitungia Kiingereza sheria, kama ambavyo Kiarabu, pamoja na maneno yote tuliyochukua kwake, hakiwezi kukitungia Kiswahili ngeli zake.

Ukitaka kuona kwa macho yako kwamba katazo hili halimo ndani ya lugha, chukua sentensi hii: "We expect the harvest to more than double." Jaribu kuyaondoa maneno "more than" hapo yalipo. Ukiyatanguliza mbele ya "to", maana inaharibika. Ukiyapeleka mwisho, sentensi inakufa. Kila mzawa wa Kiingereza ataiacha kama ilivyo bila kufikiri, kwa sababu hapo ndipo lugha yenyewe inapotaka maneno hayo yakae. Sheria ya kweli ya sarufi haimlazimishi mtu kusema jambo lisilosemeka.

Kuhusu "each farmer should bring their card", nadhani ulipoiandika ulikuwa na "kila mkulima alete kadi yake" kichwani, na Kiingereza kikakulazimisha kuamua kama huyo mkulima ni mwanamume au mwanamke. Umeamua kama walivyoamua Waingereza wenyewe tangu karne ya 14. Fungua Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Wafilipi 2:3, utakuta "let each esteem other better than themselves": neno "each" ni umoja, kiwakilishi chake ni cha wingi, na ni Maandiko yaliyosomwa makanisani kwa karne nne. Baadaye wanasarufi wakapendelea "his" kwa kila mtu, na mwaka 1850 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyotamka kwamba katika sheria zake maneno ya jinsia ya kiume yahesabiwe kuwa yanawajumuisha wanawake. Nakuachia mwenyewe, uliyeandika ripoti kuhusu vikundi ambavyo wanachama wake wengi ni akina mama, uamue kama "each farmer should bring his card" ingekuwa ripoti ya kweli zaidi. Shirika la habari la Associated Press lilianza kukubali matumizi haya mwaka 2017 pale ambapo njia nyingine ni nzito, na mwongozo wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani, APA, unaofuatwa na taasisi nyingi za utafiti, uliyaidhinisha mwaka 2019.

Anayesema kwamba wingi hauwezi kusimama mahali pa umoja amesahau kwamba "you" nalo lilikuwa neno la wingi. Mwaka 1660 George Fox, mwanzilishi wa jumuiya ya Kikristo ya Marafiki (Quakers), ambayo wasomaji wangu wa magharibi mwa Kenya wanaifahamu vizuri, alishiriki kutoa kitabu kizima cha kuwakemea waliosema "you" kwa mtu mmoja badala ya "thou". Alikuwa na hoja za kisarufi na hoja za kidini, na aliziamini kwa dhati. Leo meneja wako anapokuandikia barua pepe na kukuita "you", anatenda kosa ambalo Fox alilipiga vita.

"But" mwanzoni mwa sentensi halihitaji maneno mengi. Biblia hiyo hiyo ya 1611, Mwanzo sura ya kwanza, karibu kila mstari unaanza kwa "And". Walimu wa shule za msingi huwakataza watoto viunganishi mwanzoni mwa sentensi kwa sababu mtoto akiachiwa ataanza hivyo kila sentensi. Ni kanuni ya malezi, na mtu mzima huruhusiwa kuiacha.

Sasa utaniuliza: kama mambo ni wazi hivi, mbona watu wasomi wanayashikilia makatazo hayo kwa ukali? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, naomba tulia nami.

Sisi Waswahili tumezoea kuwa na chombo. Tanzania ina BAKITA tangu mwaka 1967, na kabla yake kulikuwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Mtu akitaka kujua kama neno ni sanifu, ana mahali pa kuuliza. Kiingereza hakijawahi kuwa na chombo kama hicho. Mwaka 1712 mwandishi Jonathan Swift alipendekeza kiundwe, ili lugha isafishwe na kufungwa isibadilike tena, lakini pendekezo lake halikutekelezwa. Nafasi hiyo ikajazwa na wauza vitabu. Karne ya 18 ilikuwa wakati ambapo familia za wafanyabiashara zilikuwa zikipata fedha na kutaka kukaa meza moja na mabwana, na zilikuwa tayari kununua kitabu kitakachowaambia jinsi ya kusema ili wasijulikane walikotoka. Sarufi zilizotungwa kwa wanunuzi hao hazikuhitaji kueleza yale ambayo kila Mwingereza huyafanya bila kufundishwa. Hakuna Mwingereza anayesema "farmers tall", hivyo hakuna anayesifiwa kwa kusema "tall farmers". Sheria ambayo kila mtu anaifuata tangu utotoni haiwezi kumtofautisha mtu na mtu. Inayoweza kutofautisha ni ile inayokwenda kinyume na mazoea, ambayo huwezi kuijua mpaka ulipiwe ada mahali fulani. Kwa hiyo makatazo yanayolindwa kwa hasira kubwa kuliko yote ndiyo yale ambayo lugha yenyewe haiyahitaji. Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini mwaka 1961, kamusi kubwa ya Merriam-Webster ilipotoka ikieleza jinsi Wamarekani wanavyosema hasa, pamoja na neno "ain't", magazeti makubwa ya Marekani yaliishambulia kana kwamba imesaliti nchi. Watu walitaka kamusi iwe mlinzi wa mlango, na wahariri wake walijiona kuwa waandishi wa kumbukumbu.

Wala usidhani hii ni tabia ya Waingereza na Wamarekani peke yao. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ingawa Kimvita, lahaja ya mji huo huo, kilikuwa na ushairi mkubwa wa akina Muyaka bin Haji. Tangu hapo mwanafunzi wa Mombasa akiandika "mato" badala ya "macho", au "ndia" badala ya "njia", amekosea mtihani, na kuna waliokua wakiamini kwamba bibi zao hawakujua Kiswahili. Uamuzi ule ulikuwa na manufaa yake. Shule na vitabu vya nchi kadhaa vinahitaji tahajia moja, nami natumia sanifu hapa kwa sababu ninataka msomaji wa Bukoba na wa Lamu wanielewe sawasawa. Lakini usanifu ni makubaliano ya watu, na lahaja iliyoachwa haikuwa na kasoro. Dada yangu, jiulize kwa unyofu: hujawahi kumcheka Mkenya aliyesema "kitabu yangu"? Aliyekucheka ofisini alifanya jambo hilo hilo, na ukijua linavyofanya kazi ndani yako, utajua pia kwamba halikupimi akili.

Neno "rural" linaingia hapa. Matamshi si sarufi, na sauti inayoonekana ya kiungwana mahali pamoja huonekana ya kishamba mahali pengine. Mwaka 1962 mwanaisimu William Labov alizunguka katika maduka matatu ya New York: moja la matajiri, moja la watu wa kati, moja la bei nafuu. Aliwauliza wafanyakazi mahali pa kupata bidhaa ambayo alikwishajua iko ghorofa ya nne, ili wamjibu "fourth floor". Kisha akajifanya hakusikia, wakamrudia kwa uangalifu zaidi. Alichosikiliza ni sauti ya "r" katika maneno hayo mawili. Aligundua kwamba kadiri duka lilivyokuwa la hadhi ya juu ndivyo "r" ilivyotamkwa zaidi. Vuka bahari hadi London, utakuta mambo yamegeuka: huko lafudhi ya hadhi ndiyo inayoiacha "r" hiyo. Sauti ni moja, na hukumu zimepingana, kwa kuwa kinachohukumiwa ni msemaji. Wamarekani weusi huchekwa kwa kutamka "ask" kana kwamba ni "aks", na katika Biblia ya Kiingereza ya Coverdale ya mwaka 1535 neno hilo, pale Yesu aliposema ombeni nanyi mtapewa, liliandikwa "axe".

Zipo lugha kadhaa za Kibantu ambazo hazitofautishi "r" na "l", na kama yako ni mojawapo, ulimi wako umefanya kile ambacho kila ulimi duniani hufanya ukikutana na sauti ngeni. Hiyo kozi ya kuondoa lafudhi usiikopee. Lafudhi ya mtu mzima haiondoki kwa wiki chache, na hakuna sababu ya kuiondoa. Cha kuangalia ni kama unaeleweka. Ikiwa kwenye simu na wafadhili kuna neno unaombwa kulirudia mara kwa mara, fanyia mazoezi neno hilo, punguza kasi, na utaje takwimu mojamoja. Zaidi ya hapo fedha zako zina kazi nyingine.

Sasa makosa ya kweli, maana yapo. "Discuss about" utaisikia Dar es Salaam, Lagos na Delhi, na haitokani na ujinga: Kiingereza husema "talk about", husema "a discussion about", kisha ghafla kitenzi "discuss" kinataka kiambatane na jambo lenyewe moja kwa moja. Basi aliyekucheka alicheka nini? Umefuata mantiki mahali ambapo lugha haikuifuata. Wapo wanaisimu wanaosema kwamba Kiingereza cha Afrika Mashariki ni lahaja yenye haki kama nyingine na kwamba "discuss about" ni sehemu yake. Braj Kachru na Randolph Quirk walibishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi, Kachru akitetea Viingereza vya nchi zilizotawaliwa na Quirk akisisitiza kiwango kimoja. Moyo wangu uko kwa Kachru. Hata hivyo ripoti yako inakwenda kwa mfadhili asiyejua mabishano hayo, na akiona "equipments" au "despite of the rains", ambayo yote yamo katika ukurasa wako, ataanza kutilia shaka na takwimu zako. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na sitakudanganya kwamba haitakugharimu. Andika "equipment" bila "s" hata vikiwa vifaa mia, andika "despite the rains", na useme "discuss the budget". Maneno ya aina hii si mengi katika maandishi ya ofisi, na yanajifunzwa kwa kuyaandika mahali pamoja kila unapokutana nayo.

Kuhusu lile jambo zito zaidi. Katika aya yako ya pili kuna sentensi hii: "The group leaders met the extension officers after they had received the seed." Nani waliopokea mbegu? Viongozi wa vikundi, au maofisa ugani? Aya nzima inahusu mbegu zilizochelewa, na mfadhili anataka kujua zilichelewa mikononi mwa nani, lakini neno "they" linaweza kuwaelekea wote wawili. Sentensi haina kosa la sarufi, haina kihusishi mwishoni wala "But" mwanzoni, na ndiyo sentensi pekee katika ukurasa wako inayoweza kuleta ugomvi wakati wa ukaguzi. Andika "after the leaders had received the seed", basi. Haya ndiyo madhara makubwa ninayoyaona katika kulinda makatazo ya zamani: jicho la mhariri hufundishwa kutafuta alama za hadhi, na maana inampita.

Ukirudi kwa meneja wako, una njia mbili, na kila moja ina gharama. Unaweza kufuata kila alama yake na kunyamaza. Ripoti haitaharibika, kwa sababu karibu yote anayoyataka nayo ni Kiingereza sahihi, ila utaendelea kuamini kwamba umekosea wakati hukukosea. Unaweza pia kumpelekea ushahidi. Utakuwa na haki, lakini mkubwa anayeumbuliwa mbele ya watu hasahau. Ninachopendekeza ni kumwomba, kwa heshima na mkiwa wawili, mwongozo wa uandishi wa shirika au wa mfadhili: "Naomba nijue tunafuata mwongozo upi, ili ripoti zisikurudie mara mbili." Kama upo na unakataza hayo, ufuate bila kinyongo, kila gazeti na kila ofisi ina taratibu zake, na utaratibu wa ofisi hausemi kwamba wewe hujui lugha. Kama haupo, mwonyeshe jambo moja tu, ile sentensi ya "to more than double", na umwachie nafasi ya kulitafakari. Huenda yeye mwenyewe aliyapata makatazo hayo kwa kuaibishwa, na mtu hushikilia sana kitu alichokilipia kwa aibu. Akiendelea kusisitiza, badilisha, tuma, na ujue moyoni ulichobadilisha ni nini.

Mikutanoni, rudi kusema. Ukimya wako unalinyima shirika mtu anayewajua wakulima. Anza na mambo ambayo wewe ndiye mwenye taarifa, hata kwa sentensi mbili, na kama mkutano ni wa Watanzania watupu hakuna aibu kupendekeza uendeshwe kwa Kiswahili. Kumbuka pia njia uliyopita: ulisoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kila somo likageuka Kiingereza ghafla. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Hofu yako ya Kiingereza ina historia ya nchi ndani yake.

Binti yako umrudishie Kiswahili leo. Mtoto anayezungumza lugha ya nyumbani kwa utajiri, akisimuliwa hadithi na kuulizwa maswali, anapata msingi wa kujifunzia lugha ya pili. Akizuiwa, anabaki na Kiingereza cha shule kisichotosha na mama asiyeweza kuzungumza naye kwa uhuru. Mtafutie vitabu vya hadithi vya Kiingereza msome pamoja jioni, bila kumkemea akichanganya lugha. Watoto wa Tanzania wengi huanza shule wakiwa na lugha mbili tayari, na ya tatu haiwashindi.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Ikiwa wenzako wanaendelea kukucheka baada ya kuwaambia waache, hilo ni suala la nidhamu kazini. Liandike pamoja na tarehe na ulipeleke kwa ofisa rasilimali watu. Ikiwa unakosa usingizi kabla ya mikutano, au moyo unakwenda mbio na maneno yanakukauka hata ukitaka kusema Kiswahili, muone mshauri nasaha hospitalini au mahali penye huduma hiyo, kwa kuwa hapo shida imetoka kwenye lugha na kuingia mahali pengine. Na kwa upande wa uandishi, zile fedha ulizotaka kuzikopa hutazihitaji zote: mtafute mwalimu wa uandishi wa Kiingereza wa chuo kilicho karibu nawe, au mhariri mzoefu, akae nawe mezani mara chache. Mpelekee ripoti tatu za mwisho, pamoja na nakala zenye wino mwekundu, na umwombe aweke alama moja mahali ambapo maana haieleweki na alama nyingine mahali ambapo ni suala la mtindo tu.